Ua Mkubwa Haujengi Ujirani

"Niko mwaka wa nne wa usanifu majengo. Mradi wangu ni nyumba 120 kwenye kiwanja cha hekta moja katikati ya mji, kwa watu wa vipato tofauti, pamoja na eneo la wazi la umma. Nimechora minara miwili ya ghorofa kumi kumi ili ardhi inayobaki iwe bustani moja kubwa ya wakazi wote. Jopo likaniambia, 'Umechora bustani, hujachora jamii.' Je, tatizo ni urefu wa majengo? Niende nikawahoji wakazi? Na kuna namna yoyote ya kuonyesha kwamba mchoro utawaunganisha watu, au haya ni maneno ya kupambia mradi tu?"

Kauli ya jopo imekuuma, na naona sababu: umejitahidi kuacha ardhi wazi, umeijaza miti, kisha unaambiwa umekosa kitu ambacho hakina hata alama yake kwenye ramani. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwanza. Mchoro hauwaunganishi watu. Unachoweza kufanya ni kuwapa majirani sababu na nafasi ya kuonana mara kwa mara bila kulazimishana, au kuwanyima. Kuaminiana, kusaidiana na kupatanishana wanafanya wenyewe. Ukiukubali mpaka huo, kazi yako inapungua ukubwa lakini inaanza kupimika.

Tuangalie watu wanavyojuana. Mwaka 1950 watafiti watatu wa Marekani, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha uchunguzi wao kuhusu nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT. Familia zile hazikuchagua majirani; zilipewa nyumba kadiri zilivyopatikana. Hata hivyo urafiki ulifuata milango. Mtu alielekea kuwa rafiki wa mlango wa pili kuliko wa mlango wa nne, ingawa kati yao kulikuwa na hatua chache tu. Waliokaa chini, pale ngazi zilipoanzia, walijuana na watu wa juu kuliko wenzao wengine wa chini, kwa kuwa kila aliyepanda au kushuka alipita mbele yao. Usiufanye uchunguzi huo kuwa sheria. Wakazi wale walifanana sana kwa umri, shughuli na hatua ya maisha. Watu wanaotofautiana wakisogezwa karibu mno wanaweza vilevile kuchokana haraka, na wewe unabuni kwa watu wa vipato tofauti. Lakini somo la msingi linabaki: njia ya kila siku ina nguvu kuliko mahali pa kukusanyikia.

Msanifu wa Denmark, Jan Gehl, aliyagawa mambo yanayotutoa nje katika mafungu matatu. Kuna ya lazima, kama kwenda kazini, kutupa taka, kumpeleka mtoto shule. Kuna ya hiari, kama kupunga upepo au kukaa kivulini. Na kuna ya kijamii, yaani salamu, maongezi, watoto kucheza pamoja. Fungu la tatu huzaliwa na mawili ya kwanza. Hakuna anayefungua mlango akisema anakwenda kujenga jamii. Anatoka na mfuko wa taka, anamkuta jirani anafua, wanasemezana dakika mbili, basi. Dakika hizo mbili zikirudiwa mwaka mzima ndizo zinazomfanya mtu amwachie jirani ufunguo wa nyumba.

Sasa itazame bustani yako kwa jicho hilo. Mkazi anatoka kwake, anaingia kwenye lifti, anapita ukumbi wa chini, yuko barabarani. Bustani iko upande wa pili na haiko njiani pake. Ili aifikie ni lazima aamue kwenda, kila siku, na uamuzi huo hushindwa na uchovu, mvua na giza. Halafu ni bustani ya familia 120, yaani mamia ya watu. Katika kundi la ukubwa huo hakuna anayeweza kutofautisha mkazi na mpita njia, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumkanya mtoto asiye wake au kumuuliza mgeni anamtafuta nani. Hiyo ndiyo maana ya maneno ya jopo.

Je, kosa ni urefu? Hapa kuna dhana mbili zinazopingana, na zote mbili zinakosea. Ya kwanza inasema majengo marefu huua ujirani, na mfano unaotajwa siku zote ni Pruitt-Igoe, mjini St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, kazi ya msanifu Minoru Yamasaki, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950 na kuanza kubomolewa mwaka 1972. Wanafunzi husimuliwa habari hiyo kana kwamba mchoro peke yake ndio uliouangusha mradi. Si hivyo. Fedha za matunzo zilitegemea kodi za wakazi, wakazi wakapungua mji ulipokuwa unapoteza watu, lifti na mabomba yakaharibika bila kutengenezwa, na juu ya hayo yote kulikuwa na ubaguzi wa rangi katika ugawaji wa makazi. Dhana ya pili inasema basi usanifu hauna hatia. Nayo si kweli. Lifti za pale zilisimama kila baada ya ghorofa kadhaa, kwenye veranda ndefu zilizokusudiwa ziwe mahali pa kufulia, kucheza na kukutana. Jengo lilipokosa matunzo, veranda hizo, ambazo hazikuwa za familia yoyote, zikawa mahali pa kuogopwa. Mchoro uliweka mzigo wa ujirani mahali pasipokuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo usiuulize mnara wako una ghorofa ngapi. Uliza mlango wa kila mmoja uko umbali gani na maisha ya chini. Mtu anautambua uso wa mwenzake kwa umbali wa mita 20 hadi 25 hivi. Gehl alionyesha pia kwamba ukipita ghorofa ya tano, uhusiano na ardhi unakatika: humwiti mtoto akakusikia, huoni nani kakasirika na nani anacheka. Nusu ya wakazi wako wako juu ya mstari huo.

Na hukuhitaji kuwapandisha huko. Fanya hesabu hii kwenye karatasi, kwa kuwa ndiyo itakayokukomboa. Nyumba 120 za wastani wa mita za mraba 80 ni 9,600. Ongeza sehemu ya tano kwa ajili ya ngazi, kuta na njia: 11,520. Minara yako, kila mmoja mita 24 kwa 24, inalitimiza eneo hilo kwa ghorofa kumi. Sasa chukua kiwanja kilekile, mita 100 kwa 100, ujenge ukanda wa upana wa mita 10 kuzunguka kingo zote. Ukanda huo unafunika mita za mraba 3,600. Eneo lilelile linaenea kwa sakafu tatu na kidogo, nikihesabu na ya chini. Watafiti wa usanifu Leslie Martin na Lionel March walionyesha jambo hili huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960, na bado wanafunzi wengi hudhani msongamano na urefu ni kitu kimoja.

Lakini ukiishia hapo utakuwa na ua mmoja wa mita 80 kwa 80, na mita 80 ni mbali mara tatu kuliko umbali wa kutambuana. Umerudi kwenye bustani ya watu wote isiyo ya mtu. Basi upasue ua kwa majengo mawili yanayokatana katikati, nayo yawe na upana wa mita 10. Unapata nyua nne za mita 35 kwa 35. Itoe robo moja ya kiwanja iwe eneo la umma upande wa barabara yenye watu. Zinabaki nyua tatu, familia 40 kila mmoja, na nyumba zako zote zinaenea kwa sakafu tatu. Mapengo ya kuingilia na umbali wa kisheria kutoka mpakani utakula kidogo, kwa hiyo tegemea sakafu ya nne kwenye pembe fulani. Na nyumba ya kina cha mita 10 ina faida ambayo mnara hauna: madirisha pande mbili, upepo unapita.

Familia 40 bado ni wengi. Huko Iquique, Chile, ofisi ya usanifu ya Elemental chini ya Alejandro Aravena ilipojenga makazi ya Quinta Monroy kwa karibu familia 100, mradi uliokamilika mwaka 2004, iliwapanga katika makundi ya takriban familia 20 kuzunguka ua mmoja. Mradi huo husifiwa kwa kujenga nusu ya nyumba na kumwachia mwenye nyumba nusu nyingine, lakini mimi naona hizo nyua ndizo zilizobeba ujirani. Wewe unaweza kushuka hata zaidi ya hapo kwa kutumia ngazi: nyumba mbili kila sakafu, sakafu tatu, familia sita kwa ngazi moja. Familia sita wanajuana kwa majina bila kuitisha mkutano.

Hapo unakabiliwa na uamuzi usio na jibu rahisi. Ngazi nyingi ndogo hazibebi lifti, gharama haikubali, na mkazi asiyeweza kupanda ngazi anabaki na nyumba za chini tu, ambazo ni theluthi moja. Njia ya pili ni korido ya wazi inayopita mbele ya milango ya kila sakafu, ambapo lifti moja inahudumia nyumba nyingi. Mjini Rotterdam, Uholanzi, msanifu Michiel Brinkman alijenga korido za namna hiyo katika makazi ya Spangen mwaka 1922, pana kiasi cha kupitisha mikokoteni ya wauza bidhaa iliyopandishwa kwa lifti za mizigo, zikawa barabara ya juu. Korido nyembamba haifanyi hivyo. Inapitisha nyayo za watu kwenye dirisha la chumba cha kulala, na mwenye chumba anashusha pazia maisha yake yote. Mimi ningechagua korido kwa ua mmoja na ngazi kwa nyua mbili. Korido iwe na upana wa mita mbili au zaidi, jiko liitazame, vyumba vya kulala viwe upande wa pili. Msimamizi wako anaweza kuamua vinginevyo akawa na haki. Usikubali tu kulikwepa swali la mtu wa kiti cha magurudumu kwa kuandika "nyumba zote zinafikika" pembeni mwa mchoro.

Nataka nikae zaidi kwenye kizingiti, kwa sababu ndipo ujirani unapopatikana au kupotea, na ndipo michoro mingi ya wanafunzi ina mstari mmoja tu wa wino. Kati ya kitanda na barabara mtu anapaswa kupita hatua kadhaa: chumba, sebule, kibaraza, ua, lango, barabara. Kila hatua ni ya watu wengi kidogo kuliko iliyotangulia, na kila mpaka unapaswa kuonekana bila kuhitaji kufuli. Kibaraza cha kina cha mita moja hakikaliki. Kitajaa ndoo na baiskeli. Kikifika mita 1.8 kinapokea viti viwili na meza, na mtu anaweza kupita nyuma yake. Kiinue sakafu yake nusu mita hivi juu ya ua, ili aliyeketi na anayepita macho yao yakaribiane, pasiwe na mtu anayechungulia wala anayechunguliwa. Usisahau mahali pa mteremko: kwa mwinuko huo, uwiano wa 1 kwa 12 unataka urefu wa mita sita, na mita sita hazijifichi. Ukingo wake uwe ukuta mfupi wa sentimita 45, kimo cha kukalia. Dirisha la jiko litazame ua, maana anayepika ndiye mlinzi wa watoto bila kuajiriwa. Sanduku za barua, mapipa ya taka na bomba la nje viwekwe pale njia zinapokutana, vyenye paa dogo na pa kutua mzigo.

Lakini mwachie mtu nafasi ya kukwepa. Wanafunzi wenye moyo mzuri husahau hili. Aliyefiwa, aliyegombana na mwenzake, aliyechoka, awe na njia ya kufika mlangoni kwake bila kupita mbele ya vibaraza kumi. Kukutana kunakolazimishwa huzaa uadui, na mtu asiyeweza kujitenga hatimaye hufunga mlango moja kwa moja. Kwa hiyo kila ua uwe na njia mbili za kutokea.

Nina jambo la kukusimulia. Nilipokuwa kijana kwenye kazi hii nilishiriki kubuni jengo lenye paa la pamoja: kamba za kuanikia, viti, maua. Tuliliona kuwa moyo wa jengo. Miezi michache baada ya watu kuhamia, mlango wa paa ulifungwa kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kusafisha, na ufunguo ukabaki kwa mtu mmoja. Nilirudi nikakuta nguo zimeanikwa madirishani na majirani wanazozana juu ya maji yanayodondokea wa chini. Kosa halikuwa la wakazi. Hatukuuliza nani atashika ufunguo na nani atalipa balbu ikiungua. Tangu hapo sichori eneo la pamoja bila kuandika juu yake ni la familia zipi, nani analifagia, na fedha zinatoka wapi. Uandike hivyo kwenye mradi wako, ua kwa ua.

Eneo lako la umma nitalipitia kwa haraka zaidi, kwa sababu likishakuwa kwenye barabara yenye watu nusu ya kazi imekwisha. Mtafiti wa maisha ya mijini William H. Whyte alipochunguza viwanja vya wazi vya New York katika miaka ya 1970 alikuta watu hukaa pale penye pa kukaa, hasa kingoni wakitazama wapitao, na hupenda kiti wanachoweza kukisogeza hata kwa hatua moja. Usilishushe chini ya usawa wa barabara, usilizungushie ukuta, lipe kivuli, maji na choo. Na ukikuta tayari pana mti mkubwa ambao watu hukaa chini yake, uwe na ujasiri wa kutofanya kitu. Mwaka 1996 wasanifu wa Ufaransa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal waliitwa kuupendezesha uwanja wa Léon Aucoc mjini Bordeaux. Wakauchunguza, wakazungumza na wakazi, wakashauri usibadilishwe: miti itunzwe, changarawe ziwekwe upya, usafi uongezwe. Mwaka 2021 walipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani.

Kuhusu magari, mtafiti wa miji Donald Appleyard aliilinganisha mitaa ya San Francisco iliyofanana isipokuwa kwa wingi wa magari, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye mtaa wa magari machache mkazi alikuwa na marafiki watatu kwa wastani mtaani hapo. Kwenye mtaa wa magari mengi, hata mmoja kamili hakufika. Weka maegesho ukingoni mwa kiwanja na mwendo wa kutoka kwenye gari upite uani. Ukiyaweka chini ya jengo na lifti inayofika hadi mlangoni, umeutoboa mfumo wako wote.

Je, uwahoji wakazi? Ndiyo, lakini ujue unachokifanya. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa sera wa Marekani, aliueleza ushirikishwaji kama ngazi ya vidato vinane. Chini kabisa watu wanatumiwa tu kama pambo, katikati wanasikilizwa bila uwezo wa kuamua, juu kabisa wanashika mamlaka. Mradi wa darasani hauwezi kupita katikati, na huo ndio ukweli wa kuwaambia watu unaowahoji: huu ni mchoro wa masomo, hakuna nyumba itakayotokana nao. Usiwaulize "mnataka nini?", kwa sababu watakujibu bustani na maegesho kama kila mtu. Waulize jana walipita wapi, walimkuta nani, walisimama wapi kusubiri, wanaogopa kona gani usiku. Kabla ya hapo keti mahali panapofanana na mradi wako asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na ya mapumziko, ukitia nukta kwenye ramani kila mtu aliposimama au kuketi. Waandike na wasiokuwepo. Kama saa kumi na mbili jioni hakuna mwanamke hata mmoja, hiyo ni taarifa ya usanifu.

Mbele ya jopo usiseme "mradi huu unajenga jamii." Onyesha siku moja ya wakazi watano: mtoto wa miaka minane, mzee anayetumia fimbo, mama anayefanya kazi usiku, kijana anayeishi peke yake, fundi mwenye karakana ya chini. Chora njia zao kwa rangi tano juu ya mchoro wa zamani, kisha juu ya mpya, uhesabu zinapokatana na nani ana pa kusimama hapo. Weka karibu yake mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa wima, wa kipimo cha 1:50, unaoanzia kitandani na kuishia barabarani. Michoro hiyo miwili inaweza kukosolewa kwa hoja, jambo ambalo picha ya kompyuta yenye watoto wanaorusha maputo hairuhusu.

Yapo nisiyoweza kukujibu kwa maandishi. Njia za kutorokea moto, hasa ukichagua korido ya wazi, zinahitaji mtu anayezijua kanuni za mamlaka ya mji wako akiwa na michoro yako mezani. Upana wa vyumba na mpangilio wa nguzo upeleke kwa mhandisi wa majengo mapema, kabla hujaupenda mchoro kiasi cha kutotaka kuubadilisha. Kama kiwanja ni cha kweli na kina watu wanaokaa hapo au mgogoro wa umiliki, usiende peke yako na kamera. Nenda na mwalimu wako, na mpitie kwanza kwa viongozi wa wakazi wenyewe. Na ikiwa ukosoaji ule umekunyima usingizi kwa wiki nzima sasa, mwone mshauri wa wanafunzi chuoni, ana kwa ana.

Kabla ya yote hayo, tafuta jengo la makazi la ukubwa unaokaribiana na lako na umwombe mtunza jengo saa moja ya muda wake. Nenda na futi ya kupimia na daftari. Mwulize ni kitu gani huharibika kwanza, mlango upi hufungwa kila siku ingawa ulikusudiwa kuwa wazi, na watoto wanacheza wapi hasa, kisha upime hapo mahali.